Itafute Vali Kabla ya Kumlaumu Mwenyekiti

Pampu ya kijiji ikigoma, watu wa Kwapa, mpakani mwa Uganda na Kenya, hawakosi maelezo. Wa kwanza husema maji yamekauka ardhini. Wa pili husema mwenyekiti wa kamati amezila pesa za kisima. Wa tatu alimwona mtoto wa jirani akibembea kwenye mpini juzi, na tayari ana kesi na mashahidi wawili. Wa nne husema ni kazi ya watu wa upande wa pili wa mpaka, na upande huo hutegemea kama msemaji amesimama Tororo au Busia. Kikao kinapofika kwenye mengineyo, kina mama na wasichana wameshajitwika mitungi na kuelekea kijitoni, huko ambako ng'ombe hunywa.

Mwongozo huu unawapa wajumbe wote wanne kazi nyingine. Tafuteni mtungi wa lita 20, saa, na mtu anayeweza kuhesabu hadi arobaini bila kusimama katikati kusalimia wapita njia. Kwa vitu hivyo vitatu mnaweza kujua ni kitu gani kimeharibika mita thelathini chini ya miguu yenu, kabla nati moja haijafunguliwa. Mara nyingi mkosaji si ardhi wala mwenyekiti wala mtoto. Ni kipande cha mpira kinachoenea kwenye kiganja.

Hatua ya kwanza: Ijue pampu yako kwa jina

Huku mpakani hatuna pampu ya aina moja, na sababu ni historia. Upande wa Uganda, mradi wa maji vijijini wa RUWASA, uliofadhiliwa na Denmark kuanzia mwaka 1991 hadi 2001, ulifika Tororo na wilaya nyingine za mashariki. Pampu zilizokuwa za kawaida nchini ni U2 na U3, ambazo asili yake ni India Mark II na India Mark III. Upande wa Kenya, mradi wa KEFINCO uliofadhiliwa na Finland kuanzia mwaka 1981 ulichimba visima Kakamega, Bungoma na Busia, na ukaleta pampu za Nira kutoka kwao. Baadaye ikaenea Afridev, ambayo ilijaribiwa na kuboreshwa kwenye visima vya Kwale, pwani ya Kenya, katika miaka ya 1980.

Kwa hiyo shemeji yako wa ng'ambo, aliye tayari kukuazima vipuri, huenda ana moyo mwema na kipuri kisichofaa. Itazame pampu kwanza. Ikiwa ina mpini mrefu wa chuma na mnyororo ndani ya kichwa, ni U2 au U3. Ikiwa haina mpini wa pembeni, nawe hushika chuma chenye umbo la herufi T na kukisukuma juu na chini moja kwa moja, ni Nira AF85 ya visima vifupi. Afridev ina mpini wa pembeni lakini haina mnyororo. Andikeni jina la pampu, kina cha kisima na idadi ya mabomba kwenye daftari la kamati. Fundi atawauliza hayo kabla hajauliza habari za nyumbani.

Hatua ya pili: Elewa vali mbili

Ndani ya kisima, chini kabisa ya mabomba, kuna silinda. Ndani ya silinda kuna pistoni inayopanda na kushuka, ikivutwa na rodi zilizoungwa hadi kwenye mpini. Vali ni mbili: moja imo ndani ya pistoni yenyewe, nyingine imekaa chini ya silinda. Kila vali ni mlango unaofunguka upande mmoja tu: maji yanaruhusiwa kupanda, kurudi hayaruhusiwi.

Unapokandamiza mpini, pistoni hupanda. Vali yake hufungwa, maji yaliyo juu yake huinuliwa, na wakati huohuo vali ya chini hufunguka na kuingiza maji mapya kwenye silinda. Unapoinua mpini, pistoni hushuka. Sasa vali ya chini hufungwa ili maji yasirudi kisimani, na ya pistoni hufunguka ili maji yapite juu yake. Kuizunguka pistoni kuna washa, za ngozi au za mpira, zinazosugua ukuta wa silinda ili maji yasipenye ubavuni.

Fikiria kazi hiyo ni kubwa kiasi gani. Pistoni ya U2 ina kipenyo cha milimita 63.5. Ikiwa maji yako mita 30 chini, safu ya maji inaikandamiza kwa uzito wa kilo 95 hivi. Mpini umepimwa kwa uwiano wa nane kwa moja, ndiyo maana msichana wa miaka kumi na miwili huweza kuinua mzigo huo kwa nguvu ya kilo kumi na mbili. Mpira wa vali hauna mpini wa kuusaidia. Hubeba safu nzima usiku kucha, na kesho yake hufunguka na kufungwa maelfu ya mara. Ukichoka, una haki ya kuchoka. Ubadilisheni.

Hatua ya tatu: Jaribio la kusubiri

Pampu hadi maji yatoke vizuri. Kisha acha. Subiri dakika 30 bila mtu yeyote kugusa mpini.

Hapa ndipo majaribio mengi hufa. Dakika thelathini mbele ya foleni ya mitungi zinahitaji ulinzi wa kweli. Msimweke kijana, atashawishiwa na binamu zake. Mwombeni bibi mmoja anayeheshimika aketi juu ya mtungi wake mbele ya mpini. Hakuna atakayemsogelea.

Dakika zikiisha, pampu tena na uhesabu. Mpigo mmoja ni mpini kushuka hadi mwisho na kupanda hadi mwisho. Maji yakitoka ndani ya mipigo mitano, vali ya chini inashikilia safu ya maji na mabomba hayavuji. Endelea na hatua ya nne. Mkipita mipigo mitano, maji yamekuwa yakirudi kisimani mlipokuwa mmekaa. Ama vali ya chini haifungi, ama bomba limetoboka au kiungo kimelegea.

Mafundi wana njia ya kutofautisha. Kichwa cha pampu kikishafunguliwa, hushusha kamba yenye uzito ndani ya bomba kupima maji yamesimama wapi. Yakishuka kwa kiasi fulani kisha yakatulia, tundu liko usawa huo. Yakiendelea kushuka hadi usawa wa maji ya kisimani, vali ya chini ndiyo ya kushukiwa kwanza. Hata bila kufungua chochote, tega sikio: maji yanayochuruzika kwa nguvu kutoka kwenye bomba lililotoboka mara nyingi husikika yakianguka chini. Waombeni walio kwenye foleni wanyamaze kwa nusu dakika. Itakuwa nusu dakika ngumu kuliko kazi zote za siku hiyo.

Hatua ya nne: Jaribio la arobaini

Weka mtungi mtupu chini ya mdomo wa pampu. Maji yakishatoka mfululizo, pampu mipigo 40 kamili ndani ya dakika moja, kisha pima. Pampu yenye afya hutoa zaidi ya nusu ya mtungi. Mkipata chini ya lita 10, na jaribio la kusubiri lilikwenda vizuri, tatizo liko kwenye pistoni: washa zimelika, au vali ya pistoni haifungi sawasawa, na maji yanapenya chini kila mnapoinua.

Asiyehesabiwa mipigo yake ni yule anayekurupusha mpini juu na chini kwa vipande vifupi ili amalize haraka. Hamalizi haraka. Anaisugua silinda mahali pamoja, anachosha washa upande mmoja, na mtungi wake unachelewa kujaa. Mfundisheni mpigo mrefu. Ni somo la bure, na huongeza uhai wa pampu.

Hatua ya tano: Sikiliza mpini unasema nini

Mpini mwepesi ghafla, na maji hayatoki kabisa: rodi imekatika au imefunguka. Usiendelee kupampu kwa matumaini. Unachocheza nacho ni chuma kisichofika kwenye pistoni.

Mpini mzito, au unaoruka wakati wa kurudi: washa zimevimba au zimefungwa vibaya, mara nyingi baada ya matengenezo ya karibuni. Mwite aliyefunga, kwa lugha nzuri.

Mpini unaotikisika kushoto na kulia na kupiga kelele: beringi zimekwisha au mnyororo unalilia grisi. Grisi ni kazi ya mtunza kisima, haingoji fundi. Kazeni na nati zote mnapopaka.

Maji yanatoka vizuri, kisha hukatika, na baada ya kupumzika hurudi: vali haina kosa. Kisima kinachotwa kuliko kinavyojaza. Huu ndio wakati pekee ambapo yule mjumbe wa kwanza anaweza kuwa na haki, nanyi mnaweza kumsaidia kwa kupanga zamu ili kisima kipate nafasi ya kujaa.

Maji mekundu ya kutu: yatazameni kwa siku nzima. Yakiwa mekundu alfajiri na kuwa meupe baada ya kupampu kwa muda, chuma kinatoka kwenye mabomba yaliyolala na maji usiku. Yakibaki mekundu hadi jioni, chuma kiko ardhini. Maji yenye asidi hula mabati ya mabomba na rodi hadi yanatoboka, na tatizo hili lilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 2016 wizara ya maji ya Uganda ilisimamisha ufungaji wa mabomba ya chuma yaliyopakwa zinki kwenye visima vya pampu za mkono. Mtu akiwaletea mabomba ya namna hiyo kwa bei ya kutupa, ataondoka na pesa zenu nanyi mtabaki na kutu.

Hatua ya sita: Mpigie fundi, na umwambie ya maana

Simu nyingi kwa fundi huwa hivi:

"Fundi, shikamoo. Pampu yetu imekufa."

"Marahaba, mama. Imekufaje?"

"Imekufa tu. Njoo uone."

Fundi anapanda bodaboda akiwa na vifaa vyote anavyomiliki, isipokuwa kile kitakachohitajika. Simu ya mtu aliyefuata mwongozo huwa hivi:

"Fundi, shikamoo. Ni U2, mabomba kumi. Tumesubiri nusu saa, maji yametoka kwa mpigo wa ishirini na tatu. Yakishatoka ni mengi, mipigo arobaini inatoa lita kumi na tatu."

"Marahaba, mama. Hiyo ni vali ya chini au bomba. Nakuja na mipira, na vibano vya kunyanyulia. Tafuta vijana sita."

Hiyo simu ya pili inaokoa safari moja ya bodaboda, siku mbili za kungoja, na heshima ya kila mtu. Fundi atakayekuja awe anayetambuliwa na chama cha mafundi wa pampu wa wilaya au ofisi ya maji, na mzungumze malipo kabla hajafungua nati ya kwanza.

Hatua ya saba: Siku ya kuvuta

Ikiwa pampu yenu ni U2, vali haifikiwi bila kutoa mabomba yote. Kila bomba lina mita tatu. Silinda ikiwa mita 30 chini, ni mabomba kumi, yamejaa maji, na rodi zake ndani. Bomba likiponyoka na kutumbukia, mmepoteza pampu na huenda kisima pia. Kwa hiyo vijana wenye nguvu waje, waliokunywa waende nyumbani, na fundi peke yake ndiye atoe amri. Wanaume wanane wanaotoa amri nane hawainui bomba moja.

U3 ilizaliwa kutokana na shida hiyo. Katika majaribio yaliyofanyika Coimbatore, kusini mwa India, katika miaka ya 1980, wahandisi waliongeza upana wa bomba hadi pistoni na vali ziweze kuvutwa juu kupitia ndani yake, mabomba yakibaki kisimani. Kazi ya watu wengi ikawa ya wachache. Hukohuko ikaonekana kuwa washa za mpira wa naitrili hudumu kuliko za ngozi. Afridev ilikwenda mbali zaidi: mpira wa vali ya juu na wa vali ya chini ni wa aina moja, na karibu kila kitu hufunguliwa kwa spana moja. Ilikusudiwa itengenezwe na watumiaji wenyewe, na huko Kwale wanawake walifundishwa kuitengeneza. Kijiji kinachosema kazi ya pampu ni ya wanaume kimechelewa kwa miaka arobaini hivi.

Vali ikishatoka, itazameni wote pamoja. Je, mpira umepasuka? Umekuwa mgumu? Kuna punje ya mchanga au kijiwe kilichokaa kwenye kiti chake na kuuzuia kufunga? Wakati mwingine kosa lote ni changarawe moja, na dawa yake ni kuosha. Mchanga ukiwa mwingi, kisima kinahitaji kusafishwa, la sivyo mpira mpya utasugulika kabla ya mavuno. Mwambieni fundi abadilishe washa za pistoni pia, maana kuvuta mabomba mara mbili kwa sababu ya kipuri kidogo ni adhabu mliyojipa wenyewe. Kipuri kipya kilinganishwe na cha zamani kwa macho na kwa vidole kabla hakijashuka: unene, upana, tundu la katikati.

Mkimaliza, tieni klorini kisimani kwa kipimo atakachowapa mtu wa afya au wa ofisi ya maji, iacheni ilale, na asubuhi mpampu maji hayo na kuyamwaga hadi harufu iishe. Mabomba yalilala kwenye nyasi, mikono kumi iliyashika, na kuku walikuja kuangalia.

Hatua ya nane: Vali ya tatu, ile ya mfuko

Mwaka 2009 mtandao wa maji vijijini wa RWSN ulikadiria kuwa karibu pampu moja kati ya tatu kusini mwa Sahara haikuwa ikifanya kazi. Haiwezekani kwamba theluthi ya mafundi wa Afrika hawajui kazi. Mpira na washa ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa kwenye pampu, lakini pampu hulala miezi kwa sababu siku uliyopasuka mpira, sanduku la kamati lilikuwa na daftari tu.

Jambo hili limechunguzwa hapahapa kwetu. Edward Miguel na Mary Kay Gugerty walichapisha mwaka 2005 utafiti kutoka Busia na Teso, Kenya, ulioonyesha kuwa mahali palipo na makabila mchanganyiko, michango ya shule ilikuwa midogo na visima vilitunzwa vibaya zaidi. Sababu waliyoitoa haikuwa chuki. Ilikuwa aibu: ni vigumu kumwaibisha asiyelipa ikiwa hamsali pamoja, hamzikani, na lugha zenu ni tofauti. Mwaka mmoja kabla yake, Miguel alikuwa amelinganisha Busia na Meatu, Tanzania, ambako pia kuna makabila mengi, na huko hakuona udhaifu huo. Alieleza kuwa siasa za kujenga taifa, Kiswahili kikiwa miongoni mwake, ziliwafanya watu wahesabiane kuwa wenzao.

Sisi wa Kwapa tuna Waiteso, Wajopadhola, Wasamia na wengine wengi kwenye foleni moja, na lugha ya soko la mpakani tunaijua sote. Basi tuitumie kisimani. Kila mwezi, siku ambayo foleni ni ndefu, katibu asome kwa sauti: nani amelipa, nani bado, pesa ngapi zimeingia, kipuri gani kimenunuliwa, risiti hii hapa. Asome kwa Kiswahili, kisha kwa Kiteso, kisha kwa Kidhopadhola. Wajane na wazee wasio na uwezo wasamehewe mbele ya watu wote, ili msamaha usigeuke uvumi. Mpira mmoja wa vali na seti moja ya washa zikae kwa mweka hazina hata kama pampu ni nzima, kwa kuwa pampu hazijawahi kuharibika siku ya mishahara.

Na mwenyekiti? Mkishahesabu mipigo, mkapima mtungi, mkamwita fundi na mkasoma daftari hadharani, mtajua bila kubahatisha kama amekula pesa. Ikiwa amekula, mnazo tarakimu za kumfikisha kwenye mkutano. Ikiwa hakula, mnadaiwa samahani, na anastahili kuipata palepale kisimani, mbele ya watu walewale waliomsema. Kisha pangeni tarehe ya jaribio lijalo la dakika thelathini, na bibi yule aombwe mapema.